Oili ya Prado ya dizeli: uani kwako, kituo cha mafuta, au fundi wa mtaani?

Mkaazi_wa_Bamburi

Salamu aleikum wanabaraza. Mwezi uliopita nilinunua Toyota Prado ya mwaka 2007 yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KD, nayo inakaribia kilomita 5,000 tangu mwenyewe wa kwanza aifanyie sevisi. Kila siku naivusha kwa feri ya Likoni, hapa Mombasa, kwenda kazini, na baadhi ya wikendi huingia Shimba Hills au hupanda nayo hadi Voi. Njia ninazoziona ni tatu: kuipeleka kituo cha mafuta chenye shimo la sevisi, kumpa fundi wa mtaani nikiwa nimesimama hapo hapo, au kujilaza chini ya gari mwenyewe uani kwangu. Sijawahi kubadilisha oili ya gari lolote, ila spana nazijua, kwa kuwa mashine ya boti ya baba nilikuwa nikiifungua tangu utotoni. Naomba maoni ya waliojaribu zaidi ya njia moja.

Fundi_Mstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Gari lako ni rahisi kwa kazi hii kuliko unavyodhani, kwa sababu kinachoua watu majumbani si oili bali ni jeki, na Prado ambayo springi zake hazijalegea humruhusu mtu wa unene wa kawaida kuingia chini bila kuinua gurudumu hata moja. Ukiona lazima uinue, usilale kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma, na kwa vile nyua nyingi za Bamburi ni mchanga, tandika ubao mpana chini ya kila stendi, la sivyo itadidimia upande mmoja nawe umo ndani.

Jambo linalowaponza wanaoanza ni kwamba chini ya gari la 4x4 kuna nati nyingi za kumwagia: ya injini, ya giaboksi, ya transfa, ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Niliwahi kuletewa gari likikokotwa kwa kamba, mwenyewe amemwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha akatia lita saba mpya juu ya zile kuukuu ambazo hazikuwa zimetoka. Anzia mbele, tafuta sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini yenyewe, nyuma ya bamba la kinga, na nati ikilegea tu, tazama rangi. Oili ya injini ya dizeli hutoka nyeusi kama wino. Ukiona nyekundu au rangi ya asali, kaza upesi, kwani uko mahali pengine.

Injini yako hunywa takriban lita 7 pamoja na filta. Tia 6 kwanza, washa bila kukanyaga mafuta mpaka taa ya oili izimike, zima, ngoja dakika tano, kisha pima kwa kijiti na uongeze kidogo kidogo.

Mama_wa_Nyali

Kwa heshima yako Mzee, mimi nabaki upande wa shimo, na sababu yangu ni chumvi. Gari linalovuka Likoni kila siku na kulala karibu na bahari huliwa na kutu kuanzia chini, na ndani ya shimo mtu husimama wima akaona kila kitu kwa mara moja: raba za stelingi zilizopasuka, shoki zinazovuja, mabomba ya breki yaliyoanza kubambuka. Juu ya hayo, vijana wa sevisi wana pampu ya grisi ya kujaza chuchu za propela (vitundu vya kutilia grisi kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu), ambazo watu wengi hawajui hata kama zipo. Kulala chali na tochi mdomoni hakukupi nafasi hiyo.

Lakini nina masharti. Oili nanunua mwenyewe ikiwa na muhuri wake, siikubali ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, na sikai kwenye chumba cha wateja. Mwaka mmoja nililipia filta mpya, nikaja kugundua ile ya zamani imefutwa kwa petroli ikang'aa, ikaachwa pale pale. Tangu siku hiyo kila filta naiandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kabla haijafungwa, na ile kuukuu nataka kuiona ikiwa mkononi mwa kijana.

Baharia_Tudor

Nimepita njia zote tatu. Fundi wa mtaani ndiye nafuu ya mwili, kwani huja nyumbani, ujira wake si mkubwa, nawe unaona kila nati inavyofunguliwa. Kasoro yake ni haraka, kwa sababu ana gari jingine linamsubiri. Wangu aliivuta filta ikatoka, lakini raba yake ya duara ikabaki imeng'ang'ania kwenye injini, naye akafunga mpya juu yake bila kupapasa. Injini ilipowashwa ilitulia kama dakika moja, halafu raba mbili zikateleza na oili ikaruka kwenye ukuta wa jirani. Bahati nzuri tulikuwa bado tumesimama pale, maana kama ningekuwa barabarani Kibarani ningeiua injini kabla sijaiona taa. Kwa hiyo yeyote atakayeifanya kazi, apitishe kidole mahali filta inapokaa, na raba ya filta mpya aipake oili safi kabla ya kuikaza kwa mkono.

Na ukichagua uani, fikiri mapema utaipeleka wapi oili chafu. Humu kwetu kuna wanaoimwaga kwenye mtaro, na mtaro unaishia kwenye mikoko. Mimi huirudisha kwenye madumu ilimotoka ile mpya, nikaipeleka kwenye kituo kinachokusanya. Mabaki huombwa na wenye nguzo za ua kwa ajili ya mchwa, ila nao siwapi tena, kwani mvua huishusha kisimani vile vile.

Mtembezi_wa_Tsavo

Naongeza mawili tu. Kuna pampu za kunyonya oili kupitia tundu la kijiti, na kwa mwenye bamba la kinga lililoshikana kwa kutu zinavutia, lakini hubakisha tope la chini ya sampu, nawe hukosa kuona vipande vya chuma endapo vipo. Sizitumii.

Pili, usihesabu kilomita peke yake. Saa unazokaa kwenye foleni ya feri injini ikiunguruma hazionekani kwenye mita, na vumbi la Tsavo nalo lina hesabu yake. Mimi sivuki 5,000. Kuhusu aina, oili yenye alama ya API (kiwango cha oili cha taasisi ya petroli ya Marekani) inayoanza na C ni ya dizeli na inayoanza na S ni ya petroli, na yenye uzito wa 15W-40 ya daraja la CI-4 yatosha kwa Mombasa, ambako injini haijui baridi ya asubuhi. Ikiwa gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, basi fuata kitabu chake, kwani hilo lina oili yake maalumu.

Mkaazi_wa_Bamburi

Shukran nyote. Nimeifanya mwenyewe Jumamosi, na kazi niliyoambiwa ni ya nusu saa imenila saa tatu. Bolti moja ya bamba la kinga ilikatika kwa kutu, ingawa nilizipaka dawa ya kulegeza usiku wa kuamkia. Nati ya sampu ilitii. Oili ilianza kwa kishindo katikati ya karai, lakini ilipopungua ikawa uzi mwembamba, upepo wa kusi ukaupeperusha ukanimwagikia bega. Filta nilipoifungua haikuwa na raba. Nikapitisha kidole, nikaikuta imeganda juu ileile kama alivyosema Baharia, nikaibandua kwa ukucha.

Kwa kilomita 5,000 zijazo nitaifanya tena nyumbani, ila kila sevisi ya pili nitakwenda shimoni kwa ajili ya grisi na kutu, maana Mama wa Nyali amenitia hofu ya mabomba ya breki. Swali langu ni moja: leo ni siku ya tatu, na oili kwenye kijiti imekwisha kuwa nyeusi. Je, nimeuziwa bandia?

Fundi_Mstaafu

Hapana. Dizeli hutoa masizi, na oili iliyobaki kwenye mifereji ya injini huichafua mpya mara tu unapowasha. Kuwa nyeusi ndiyo kazi yake. Ungeniambia imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo ningekuambia usiiwashe tena, kwa sababu hayo ni maji. Ile bolti iliyokatika usiiache hivyo, bamba litapiga kelele ukifika kwenye njia ya mawe ya Shimba Hills. Mpelekee mchomeleaji aunganishe kichwa kipya na kipande kilichobaki, kitoke kikiwa bado na moto, nawe ufunge nyingine iliyopakwa grisi.