Kustaafia milimani: kiwanja cha juu chenye mandhari au cha chini chenye barabara?

MstaafuMtarajiwa

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mke wangu tumebakiza mwaka mmoja kazini, na tumekwisha kukubaliana kwamba uzee wetu tutaumalizia milimani. Tumeonyeshwa viwanja viwili. Cha kwanza kiko mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na ukisimama pale asubuhi unaliona bonde zima limelala chini yako. Cha pili kiko mita 1,600, begani mwa mlima. Hakina mandhari ya kumsimamisha mpita njia, lakini barabara ya lami iko karibu. Nina umri wa miaka 59 na shinikizo la damu ninalolidhibiti kwa dawa, naye magoti yanamsumbua. Mimi nakitamani cha juu, yeye anakitaka cha chini. Naomba ushauri wa waliokwisha kuishi huko, hasa kuhusu yale ambayo mtu hayaoni akienda kutembea siku mbili tatu za kiangazi.

MuuguziMkongwe

Ndugu yangu, kwenye mwinuko wa mita 2,400 kila pumzi unayovuta ina takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili huzoea kwa kupumua haraka zaidi na kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini kwa baadhi ya watu shinikizo la damu hupanda, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo muone daktari wako kabla ya kulipia chochote. Mwenye ugonjwa wa mapafu ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni umbali. Mtu akipatwa na kiharusi kinachotokana na damu kuganda, dawa ya kuiyeyusha kwa kawaida hutakiwa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza, na kabla ya hapo ni lazima apigwe picha ya ubongo. Zahanati ya jirani haina mashine hiyo. Basi usiulize hospitali iko kilomita ngapi. Uliza ni saa ngapi, usiku, mvua ikinyesha, na gari ni la nani.

FundiWaMiteremko

Naongeza la ardhi. Tembea kiwanja chote na eneo la juu yake, kwa sababu maporomoko hayajui mpaka wa hati yako. Ukiona miti mingi imepinda shinani kisha ikanyooka kwenda juu, ujue huenda udongo pale unateleza polepole. Nyufa zinazokatiza mteremko, nguzo za uzio zilizoinama, na maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu ni dalili za namna hiyo hiyo. Kiwanja cha aina hiyo kiache hata ukipewa bure.

Usikimbilie chini kabisa bondeni pia. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama huko, hivyo begani mwa mlima mara nyingi huwa na joto kuliko bondeni.

MkaziWaJuu

Kaka, mimi niliishi miaka 9 kwenye mwinuko unaokaribia huo wa kwanza, na nilipapenda kwa moyo wote. Yale mandhari yapo kweli, ila kuna miezi ambayo ukungu hukaa mlangoni tangu alfajiri hadi saa nane mchana, nguo zinashinda kambani siku tatu bila kukauka, na ukigusa shuka usiku unahisi unyevu. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo vyakula vigumu huchelewa sana kuiva na kuni hazitoshi.

Kilichonishusha ni barabara. Udongo uliporomoka na kuifunga kwa siku nne, na dawa za mume wangu zilikuwa zimebaki vidonge viwili. Kijana mmoja alishuka kwa miguu kutuletea nyingine. Nilisimama dirishani nikimsubiri, na wala bonde sikuliona. Mwaka uliofuata tulihamia chini zaidi.

Ushauri wangu ni kwamba msinunue kwanza. Pangeni nyumba huko juu msimu wote ule mbaya, uwe wa mvua au wa theluji, mkiwa ninyi wawili tu bila watoto wa kuwasaidia, na mke wako apande ngazi zote ambazo atalazimika kuzipanda akiwa na miaka 75.

MstaafuMtarajiwa

Asanteni sana. Dada yangu MkaziWaJuu, jibu lako nimemsomea mke wangu na tumenyamaza muda mrefu. Tutapanga nyumba huko juu msimu wa mvua ujao kama ulivyoshauri, na kabla ya hapo nitaendesha gari usiku kutoka kwenye kila kiwanja hadi hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, huku mke wangu akihesabu dakika. Swali moja limebaki kwa FundiWaMiteremko: kiwanja cha chini kina mtaro wa zamani unaokikatiza kwa juu. Je, huo ni ulinzi, au ni dalili kwamba maji yaliwahi kuleta shida hapo?

FundiWaMiteremko

Unaweza kuwa vyote viwili. Nenda kautazame mvua ikiwa inanyesha: maji yakipita yote mtaroni na kutoka nje ya kiwanja, uzibue na uutunze, yakizama katikati ya mtaro na kuibukia chini yake, usijenge hapo kabla mtaalamu wa udongo hajachimba na kupima.