Nimekubaliwa Karmeli, naogopa mfungo. Ushauri wakuu

Nuru_Alfajiri (mleta mada): Heshima kwenu wakuu. Nimekubaliwa kuanza upostulanti, hatua ya kwanza ya kujaribu utawa, kwa masista Wakarmeli Peku. Nyama hawali mwaka mzima, na kuanzia Septemba 14, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, wanafunga hadi Pasaka isipokuwa Jumapili. Je, mwili huchukua muda gani kuzoea? Wenye uzoefu tu tafadhali.

Mzee_wa_Kesha: Mwili unazoea, mwanangu. Ujanani nilikaa kwa Watrapisti, watawa wanaofuata Kanuni ya Mt. Benedikto. Nyama sikuikumbuka, kilichonitesa ni kengele ya sala ya usiku. Kanuni hiyo, sura ya 39, inakataza nyama ya wanyama wa miguu minne, ila kwa wagonjwa walio dhaifu sana. Ndugu mmoja akauliza, je, kuku mwenye miguu miwili? Abate, mkuu wa monasteri, hakucheka.

Sina_Dogo: Mimi nafunga kila mwisho wa mwezi na hakuna anayenitangaza mwenye heri 😂

Mama_Rozari: Binti yangu, wazazi wamebariki? Siku hizi mnakimbilia shela kabla ya kujua kusali. Enzi zetu...

Kanuni1252: Mama, tuachie enzi. Dada, sheria ya Kanisa zima ni nyepesi: kuacha nyama ni kuanzia miaka 14, kufunga ni kuanzia 18 hadi unapoanza mwaka wa 60. Huo mfungo mrefu ni wa Kanuni ya Mt. Alberto wanayoifuata Wakarmeli, ya mwanzoni mwa karne ya 13, nayo inamwachia mgonjwa na mnyonge, kwa kuwa dharura haina sheria. Afya yako ikoje?

Nuru_Alfajiri: Nzuri tu.

Kanuni1252: Hiyo "tu" ina mkia. Sema.

Nuru_Alfajiri: Basi. Nina kisukari tangu utotoni, nachoma insulini. Kwenye fomu ya afya sikuandika. Ningeandika wasingenipokea, na wito huu nimekua nao. Mt. Klara alikuwa mgonjwa miaka mingi na alifunga kupita wote. Mungu hakumwacha.

Kanuni1252: Klara huyohuyo, Mt. Fransisko na askofu wa Assisi walimwamuru asipitishe siku bila kula walau kipande cha mkate. Akatii. Wewe umechukua nusu ya habari. Na kanuni 642 ya Sheria za Kanisa inataka afya ya anayeingia unovisi, hatua inayofuata upostulanti, ithibitishwe, hata kwa wataalamu ikibidi. Sindano utazificha wapi, chini ya godoro? Insulini bila chakula, sukari inashuka, unaanguka kanisani wenzako wakidhani umezama katika sala.

Nuru_Alfajiri: Nitamwambia mlezi nikishazoeleka. Sitaki wanihurumie kabla hawajanijua.

Mzee_wa_Kesha: Sura ya 49 ya Mt. Benedikto, mwanangu: mtawa anachojinyima katika Kwaresima bila ruhusa ya baba wa kiroho kinahesabiwa kiburi na majivuno. Mlezi akijua, atakupangia chakula chako na saa zake, na hapo kutii ndiyo toba yenyewe. Kuna ndugu alikula nyama chumba cha wagonjwa miezi kadhaa kwa amri ya abate. Alilia kila sahani. Sijaona malipizi makali kuliko yale.

Mama_Rozari: Shemeji yangu ana kisukari, alitumia majani fulani...

Sina_Dogo: Mama, majani hapana!

Pekuapekua: Jamani, mnakunywa chai ya moto. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi jana mtu huyu alikuwa bwana harusi anayeuliza namna ya kupunguza orodha ya wageni. Leo ni sista?

Nuru_Alfajiri: Akaunti natumia na kaka yangu.

Pekuapekua: Na huyo kaka anajua habari ya fomu?

Nuru_Alfajiri: Hajui. Alinipeleka kwa daktari, akabaki nje.

Kanuni1252: Kwa hiyo daktari alikupima au alisaini tu?

Nuru_Alfajiri: Aliniuliza maswali, nikajibu.

Mama_Rozari: Nimeamini. Muongo angetunga jibu zuri kuliko hilo.

Pekuapekua: Mimi bado. Kaka aje hapa.

Sina_Dogo: Aje, na atuambie wageni walibaki wangapi.