Market Harborough, Leicestershire: nawapataje wazazi wa mtu aliyezaliwa karibu 1870?

Mwana_Kilindini ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Natafuta wazazi wa Mwingereza mmoja aliyefariki Nairobi Machi 1931. Cheti cha kifo kinasema umri wake ni miaka 61. Cheti cha ndoa cha Mombasa kinataja jina la baba na kazi yake: fundi cherehani. Mahali pa kuzaliwa ni Market Harborough. Jina la ukoo ni la kawaida mno, aina ya Smith.

Nimekwama sehemu tatu. Faharasa ya vizazi (orodha ya waliozaliwa walioandikishwa serikalini) inanipa wavulana watatu wa jina moja, wilaya moja, wote ndani ya miaka miwili. Kwenye sensa ya 1871 nikichagua kaunti ya Leicestershire, fundi cherehani mwenye mtoto huyo haonekani. Na kwenye mazishi ya kanisa la St Dionysius, lile la katikati ya mji, sioni mtu hata mmoja wa ukoo huu. Nakosea wapi?

---

Msoma_Rejista:

Mkuu, tuanze na umri. Aliyetimiza miaka 61 na kufariki Machi 1931 alizaliwa kati ya Machi 1869 na Machi 1870, mradi aliyetoa taarifa za msiba alikuwa na uhakika. Mbali na nyumbani, mtoa taarifa mara nyingi ni rafiki au mfanyakazi mwenzake, naye hukadiria. Tafuta kuanzia 1867 hadi 1872.

Usajili wa serikali kwa Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa imepangwa kwa robo za mwaka, na kila robo huitwa kwa mwezi wake wa mwisho: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Kinachohesabiwa ni siku ya kuandikishwa, siyo siku ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo mtoto wa katikati ya Desemba 1869 unaweza kumkuta kwenye robo ya Machi 1870. Pia kabla ya 1875 mzazi hakubanwa sana na sheria kupeleka taarifa. Kazi ya kuwatafuta watoto ilikuwa ya msajili mwenyewe, na wako waliompita. Mtoto asiyeonekana kwenye faharasa anaweza kuwa kwenye daftari la ubatizo.

Ukiona "Market Harborough 7a" na namba ya ukurasa, hiyo 7a ni juzuu inayobeba Leicestershire, Rutland na Lincolnshire kuanzia 1852. Kabla ya hapo juzuu ziliandikwa kwa namba za Kirumi, na Market Harborough ilikuwa XV.

Sasa hao watatu. FreeBMD, tovuti ya bure, imenakili faharasa ya zamani, ambayo haina jina la ukoo la mama mpaka robo ya Septemba 1911. Faharasa mpya iliyo kwenye tovuti ya Ofisi Kuu ya Usajili, GRO, inalo tangu 1837. Fungua akaunti, ni bure. Jaza jina la ukoo, jinsia, mwaka 1870 na upana wa miaka 2 kila upande, kisha wilaya. Watatu wako watatokea, kila mmoja na ukoo wa mama yake.

Usinunue cheti bado. Tafuta kwanza vifo vya jina hilohilo hapohapo kuanzia 1869 hadi 1880, kwa sababu watoto wachanga walikufa wengi na aliyezikwa akiwa na miezi minane hakufika Mombasa. Faharasa ya vifo ya GRO inaonyesha umri tangu 1837, ila ina kasoro unayopaswa kuijua: umri wa miezi wakati mwingine umeingizwa kama miaka. Mtoto wa miezi 11 utamsoma kama mvulana wa miaka 11. Ukimwona "mtu wa miaka 11" ambaye hana kuzaliwa kunakolingana, rudi kwenye vizazi vya mwaka huohuo wa kifo.

Waliobaki, tafuta ndoa za wazazi wao kwenye FreeBMD. Jina la mwenzi halimo kwenye faharasa ya ndoa mpaka 1912, kwa hiyo tafuta ukoo wa baba, kisha ukoo wa mama, na uangalie kama wilaya, juzuu na ukurasa vinafanana. Ukurasa mmoja hubeba zaidi ya ndoa moja, kwa hiyo kufanana peke yake ni dalili, bado si ushahidi.

Ukibaki na mmoja au wawili, nunua. Tangu 2024 picha ya kidijitali ni £3, PDF £8, cheti cha karatasi £12.50. Kwa mtoto wa 1870 picha ya £3 inatosha, safu zote zimo. Isome polepole. Kwenye safu ya mama ukikuta "late" fulani, kisha "formerly" fulani, maana yake aliwahi kuolewa kabla: jina la kwanza ni la mume wa zamani, la pili ndilo alilozaliwa nalo. Wengi hukamata lisilo lao na kupanda mti wa ukoo wa mtu mwingine. Angalia pia anwani ya mtoa taarifa. Hiyo ndiyo itakayokupeleka kwenye mtaa wao katika sensa.

---

Bi_Nyaraka:

Ndugu Mwana_Kilindini, matatizo yako mawili ya mwisho yana chanzo kimoja, ni mipaka. Mji huu mdogo umekaa juu ya mipaka mingi, na kila mpaka una daftari lake.

Kusini ya mto Welland, upande wa pili wa daraja, iko Little Bowden. Leo ni sehemu ya Market Harborough, mgeni hawezi kutofautisha. Lakini mpaka mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa Northamptonshire, na mto ndio uliokuwa mpaka. Wilaya ya usajili iliziunganisha pande zote mbili, ndiyo maana kuzaliwa kunaonyesha "Market Harborough 7a" hata kwa mtoto wa Little Bowden. Sensa inafuata kaunti. Ukiweka Leicestershire kwenye kichujio, familia ya ng'ambo ya daraja inafutika kabisa.

Futa kaunti. Andika jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa 1870 na upana wa 2, na kwenye mahali pa kuzaliwa andika "Harborough" tu. Kisha rudia na "Bowden". Kuna Great Bowden na Little Bowden, na karani wa sensa wakati mwingine aliandika "Bowden" peke yake bila kusema ipi. Sensa ya 1871 ilichukuliwa tarehe 2 Aprili na namba yake ya kumbukumbu ni RG 10; mtoto wako atakuwa na mwaka 1, pengine 2. Ukimpata, mfuate 1881 (RG 11, tarehe 3 Aprili), ambayo nakala yake inasomwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch.

Sasa mazishi. St Dionysius haina uwanja wa makaburi. Ukienda utaona mnara mrefu wa mawe umesimama moja kwa moja barabarani, lami inagusa ukuta. Asili yake ni kanisa dogo chini ya parokia ya Great Bowden, na watu wa mji walizikwa St Mary in Arden, nje kidogo upande wa mashariki, ambako leo kumebaki kuta zisizo na paa na mawe ya makaburi. Kwa hiyo ubatizo unaweza kuwa kwenye daftari la Harborough na mazishi ya mtu huyohuyo yakawa chini ya jina la St Mary in Arden au Great Bowden. Kwa waliofariki miongo ya mwisho ya karne hiyo, tafuta pia makaburi ya mji yaliyoko Northampton Road.

Na usisahau madhehebu. Mji huu ulikuwa na Waprotestanti wengi wasio wa kanisa la serikali. Mhubiri wao Philip Doddridge alifungulia hapo chuo chake mwaka 1729 kabla ya kuhamia Northampton. Familia ya kanisa la Independent, mojawapo ya madhehebu hayo, haitakuwa na ubatizo St Dionysius hata kidogo. Madaftari ya makanisa hayo ya kabla ya 1837 yalikusanywa na serikali, yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya nyaraka, Kew, London, katika kundi la RG 4.

---

Mwana_Kilindini:

Dada yangu, ahsante sana. Nimefuta kaunti, nimempata: Little Bowden, umri mwaka 1, baba "Tailor", na ukoo wa mama kwenye GRO unalingana na ndoa ya 1864. Baba mwenyewe ameandikwa kazaliwa Market Harborough, umri 33. Kurudi nyuma ya 1837 nafanyaje? Na je, kuna njia ya kuthibitisha upande wa huku, kwamba huyu mtoto ndiye aliyefika Mombasa?

---

Msoma_Rejista:

Hongera mkuu. Agiza cheti cha hiyo ndoa ya 1864. Ndoa hazina picha ya £3, ni karatasi tu. Kitakupa jina la babu wa mtoto na kazi yake. Soma mashahidi, mara nyingi mmoja ni dada au kaka wa bibi harusi.

Baba mwenye miaka 33 Aprili 1871 alizaliwa 1837 au 1838, yaani ukingoni kabisa mwa usajili. Tafuta kotekote, GRO na ubatizo. Kwenye sensa ya 1841 atakuwa na miaka 3 au 4, pamoja na wazazi wake, lakini jihadhari: umri wa watu wa zaidi ya miaka 15 ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa 5. Mwenye 34 anasomeka 30. Uhusiano ndani ya nyumba haukuandikwa, na mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana tu: je, alizaliwa kaunti hiyohiyo anamoishi? Hapo Little Bowden ina mtego wake: aliyevuka daraja kutoka Harborough ataandikiwa hapana ilhali ametembea dakika kumi.

---

Bi_Nyaraka:

Kwa madaftari ya parokia: kuanzia 1813 yalichapwa fomu. Ukurasa wa ubatizo una nafasi nane, na kila nafasi ina tarehe, jina la mtoto, wazazi, makazi, kazi ya baba na aliyebatiza. Ukurasa wa mazishi nao una nane, lakini una jina, makazi, tarehe, umri na aliyeongoza mazishi tu, bila jamaa yeyote. Wawili wenye jina moja hutawatenganisha kwa mazishi peke yake. Ndoa kuanzia 25 Machi 1754 zina sahihi na mashahidi. Kabla ya hapo padri aliandika alivyopenda, pengine mstari mmoja wa Kilatini: "filius" ni mwana, "uxor" ni mke. Na kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 ya kwenye daftari ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Andika zote mbili, 1720/21, usije ukamfanya mtoto azaliwe kabla ya ndoa ya wazazi.

Daftari likiwa limeliwa na unyevu, tafuta nakala za askofu, ambazo kila parokia ilipeleka kila mwaka. Leicestershire ilikuwa chini ya dayosisi ya Lincoln mpaka 1837, Little Bowden chini ya Peterborough. Wosia nao hivyohivyo: kabla ya 12 Januari 1858 ulithibitishwa na mahakama za kanisa, kwa hiyo daraja lile linakutenganisha tena. Leo picha za madaftari ya Leicestershire ziko kwenye tovuti ya kulipia ya Findmypast na za Northamptonshire ziko kwenye nyingine, Ancestry. Mwenye akaunti moja huona nusu ya mji.

Hati ninazozipenda kuliko zote kwa watu wa kipato kidogo ni za maskini, kabla ya 1834. Parokia ililazimika kumtunza wa kwake tu, kwa hiyo aliyehitaji msaada alihojiwa: umezaliwa wapi, uliajiriwa wapi mwaka mzima, ulifundishwa kazi na nani. Fundi cherehani aliyesomea ufundi kwa mkataba alipata haki ya ukaazi pale alipokuwa mwanafunzi, na jibu lake ni maisha yake yote kwenye karatasi moja. Ziko ndani ya sanduku la parokia, pamoja na hesabu za wasimamizi wa maskini, na nyingi hazijapigwa picha. Waandikie ofisi ya kumbukumbu ya Leicestershire, Leicester na Rutland, na ile ya Northampton pia, ukitaja parokia, aina ya hati na miaka. Barua inayosema "nitafutieni ukoo wangu" haina pa kuanzia. Anayekwenda mwenyewe aagize hati mapema na abebe penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi.

---

Bandari_na_Reli:

Naongezea upande wa huku. Orodha za abiria waliotoka Uingereza 1890 hadi 1960 zina namba ya kumbukumbu BT 27, zipo Findmypast. Tafuta kwa bandari ya kushukia, Mombasa, na ujaribu pia bandari za njiani, maana waliopanda meli nyingine Marseille hawataonekana hapo. Umri na kazi ndivyo vitakavyokusaidia, jina ni herufi ya kwanza tu mara nyingi.

Kisha fungua kalenda ya wosia ya Uingereza, yaani orodha ya kila mwaka ya mirathi iliyothibitishwa, 1931 na miaka mitatu inayofuata. Aliyefariki Kenya akiacha mali Uingereza huandikwa humo na makazi yake ya Nairobi, na wasimamizi wa mirathi hutajwa kwa jina. Msimamizi akiwa ndugu anayeishi Harborough, umeunganisha pande mbili kwa mstari mmoja. Kama hayumo, nenda sensa ya 1911 ya wazazi: kwa kila mke ilitakiwa iandikwe idadi ya watoto waliozaliwa hai, walio hai na waliofariki. Wajane hawakutakiwa, lakini wengi walijaza, na karani alikata kwa wino mwekundu. Chini ya ule mstari namba bado inasomeka. Hesabu watoto ulio nao, uone kama mmoja aliye hai hayupo kwenye nyumba yoyote Uingereza.