Mjadala: Je, Green Bay walitenda haki mwaka 2008 walipompa Rodgers nafasi ya Favre?

Mkazi wa Milwaukee

Ndugu zangu, naleta jambo ambalo hapa Wisconsin bado linagawanya familia mezani. Kwa faida ya wasioufuatilia mpira wa Kimarekani kwa karibu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua aupige kwa nani, na Brett Favre aliishika nafasi hiyo katika klabu ya Green Bay Packers tangu Septemba 1992 bila kukosa kuanza hata mchezo mmoja wa ligi, michezo 253 mfululizo. Mwezi Machi 2008 alitangaza kutundika daluga, akalia mbele ya waandishi wa habari. Ilipofika Julai akataka kurudi, lakini meneja mkuu Ted Thompson na kocha Mike McCarthy walikuwa wameshaamua kwamba namba, yaani nafasi ya kuanza, ni ya Aaron Rodgers, kijana wa miaka 24 aliyekuwa amekaa benchi misimu mitatu, na mwezi Agosti Favre akapelekwa New York Jets. Msimu wa kwanza wa Rodgers ulikwisha kwa ushindi mara 6 na kushindwa mara 10.

Mimi naamini uamuzi ulikuwa wa haki ila utekelezaji wake haukuwa na staha, kwa sababu mtu aliyeitumikia klabu misimu 16 hakupaswa kuondoka kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Hata hivyo naye alikuwa na sehemu yake katika kosa hilo. Mtu mzima aliyelia mwezi Machi akiaga alipaswa kujua kwamba mwezi Julai kuna mwingine ambaye tayari ameambiwa aingie ndani.

Zambarau (Minneapolis)

Kaka, nimesoma yote uliyoandika na nimekwama kwenye hilo la machozi. Mtu aliyecheza akiwa na kidole gumba kilichovunjika, na aliyeingia uwanjani Desemba 2003 siku moja tu baada ya baba yake kufariki, amenunua haki ya kulia anapotaka na ya kubadili mawazo anapotaka. Nimewahi kumwona mzee wangu akistaafu kazi ya bandarini na kuamka alfajiri ya kesho yake akivaa viatu vya kazi, wala hakuna mtu nyumbani aliyemwambia kwamba ameshaaga.

Tena mnazungumza kana kwamba alikuwa amekwisha. Mwaka 2009 alikuja kwetu Minnesota Vikings akiwa anatimiza miaka 40, akapiga pasi 33 za kufunga huku 7 tu zikinaswa na wapinzani, akawafunga Green Bay mara mbili katika msimu mmoja, na akatufikisha hadi fainali ya NFC, moja ya nusu mbili za ligi. Hana deni kwa Green Bay, na wala hakuwa na deni kwa Rodgers. Kwotabeki analipwa ashinde michezo. Halipwi kumlea atakayemnyang'anya namba.

Mwalimu wa Hesabu

Naomba tuitazame klabu ilivyokuwa ikiona mwaka 2008, si sisi tunavyoona leo. Rodgers aliteuliwa wa 24 mwaka 2005, klabu zilipochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, na mkataba wake ulikuwa wa miaka mitano, kwa hiyo ungekwisha baada ya msimu wa 2009. Kama Favre angerudi na kuanza mwaka 2008, klabu ingebaki na msimu mmoja tu wa kumpima kijana waliyemngoja miaka yote hiyo, na huenda ingebidi wampe fedha nyingi bila kujua uwezo wake, au wamwache aondoke bure. Walipomwanzisha, waliona walichonacho na wakamwongezea mkataba hadi 2014 msimu wenyewe ukiwa haujakwisha.

Pia msisahau usiku wa mchezo dhidi ya Dallas, tarehe 29 Novemba 2007. Favre aliumia na Rodgers akaingia wakati timu ikiwa nyuma sana. Akakamilisha pasi 18 kati ya 26, yadi 201, na kuurudisha mchezo kwenye ushindani. Walipoteza 37 kwa 27, lakini ndani ya klabu kuanzia usiku ule hakuna aliyeweza kusema kwamba kijana hajaiva.

Fundi wa Keko

Mimi natazama michezo hii kutoka Dar es Salaam, ambako mchezo wa mchana wa Wisconsin huanza saa mbili au saa tatu usiku, na kwa kawaida husoma tu bila kuandika. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya sentensi ya ndugu Zambarau kwamba mkongwe halipwi kumlea anayemfuata.

Niliingia kwenye karakana nikiwa mwanagenzi wa miaka 16. Fundi aliyenipokea hakulipwa hata senti moja kwa ajili yangu, na bado alinisimamisha pembeni yake nikashika randa juu ya mbao za mninga, akaweka mkono wake juu ya wangu hadi nilipousikia ubao unavyobadilika sauti unapokuwa sawa. Alijua kwamba siku moja mteja wake atakuja kwangu, na wako waliokuja kweli. Kwetu fundi anayeficha patasi yake mwanagenzi anapopita huhesabiwa kuwa na roho ndogo, hata kama vitanda vyake vinadumu miaka hamsini. Favre aliwahi kusema hadharani kwamba mkataba wake haumtaki amwandae Rodgers. Maneno hayo yaliniumiza, na yangeniumiza hata kama yangesemwa na mtu aliyeshinda mataji kumi.

Zambarau (Minneapolis)

Mzee Fundi, shikamoo, na nisamehe ikiwa nimekugusa pabaya. Lakini karakana yako ina meza nyingi za kufanyia kazi. Siku uliyoiva, fundi wako hakulazimika kuweka msumeno chini ili wewe ushike wa kwako. Mji una wateja wa kuwatosha wawili. Uwanja wa mpira wa Kimarekani una kwotabeki mmoja tu. Kila mazoezi ambayo kijana anapigishwa pasi ni mazoezi ambayo mkongwe amesimama akitazama. Unamtaka mtu afundishe mikono itakayomtoa, na umwite mwenye roho ndogo akikataa?

Na Favre mwenyewe alifundishwa na nani? Mwaka 1992 hakungoja kulelewa. Don Majkowski aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Cincinnati, Favre akaingia, akashinda 24 kwa 23 kwa pasi ya sekunde za mwisho, na Majkowski hakuipata tena namba yake pale. Huyo Majkowski miaka mitatu kabla aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi. Mbona hakuna anayemlilia?

Dada wa Columbus

Nawashangaa kaka zangu mnavyomzungumzia Rodgers kama yatima. Alifundishwa, na alifundishwa vizuri, na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo: McCarthy mwenyewe, na Tom Clements aliyekuwa kocha wa makwotabeki. Alichokosa kutoka kwa Favre ni ukarimu, na ukarimu haudaiwi kwa mkataba.

Nikiongeza, nadhani klabu ilikuwa na haki zaidi kwa kuwa Favre alikuwa ametoka kwenye msimu dhaifu, kama ninakumbuka sawasawa, na umri ulikuwa umeanza kumshinda.

Linalonigusa mimi ni yaliyofuata. Mwaka 2020 Green Bay walimteua Jordan Love, wa 26, Rodgers akiwa na miaka 36 na akiwa bado kwotabeki wao wa kwanza, na sasa Rodgers ndiye akawa mzee mlangoni. Yeye alijibu kwa kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka huo na mwaka uliofuata. Love alikaa benchi misimu mitatu, kama yeye, na mwaka 2023 Rodgers akapelekwa New York Jets, kulekule alikopelekwa Favre. Mtu aliyeonja uchungu wa kungoja ndiye aliyengojwa. Ningependa tujadili kama alimtendea Love vizuri kuliko alivyotendewa yeye.

Mkazi wa Milwaukee

Dada, hapo kwenye msimu dhaifu kumbukumbu imekuponyoka. Mwaka 2007 timu ilishinda michezo 13 na kupoteza 3, Favre alipita yadi 4,000 na kupiga pasi 28 za kufunga. Msimu ulikufa tarehe 20 Januari 2008 kwenye uwanja wetu wa Lambeau, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, pale pasi yake ya muda wa nyongeza iliponaswa na Corey Webster wa New York Giants na tukafungwa 23 kwa 20. Hiyo ndiyo pasi yake ya mwisho akiwa na jezi yetu. Ndiyo maana swali ni gumu: hakuondolewa mtu aliyeshindwa, aliondolewa mtu aliyekuwa hatua moja tu kabla ya Super Bowl, fainali kuu ya ligi.

Kuhusu Love, tufungue mjadala mwingine. Naomba turudi mwaka 2008.

Zambarau (Minneapolis)

Turudi basi mwaka 2008, na tuanze na nyinyi mashabiki. Mwezi Agosti, katika mazoezi ya wazi, wako kati yenu waliomzomea Rodgers, kijana ambaye hakumfukuza mtu. Tarehe 1 Novemba 2009 Favre alipokuja Lambeau na jezi yetu ya zambarau, mkamzomea yeye, mtu aliyewapa taji la Super Bowl la Januari 1997. Klabu yenu inamilikiwa na wananchi wenye hisa tangu 1923, kwa hiyo msiseme ni Thompson peke yake aliyekosa staha. Mlikosa wenyewe, kwa midomo yenu, kwa wote wawili. Hamna shukrani.

Mkazi wa Milwaukee

Nilikuwemo uwanjani siku hiyo ya Novemba. Rafiki yangu wa kiwandani alipata tiketi mbili, na nilivaa jezi namba 4, ya Favre, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza nchini Marekani. Nilikuwa nimeifunika kwa koti kwa sababu sikujua niionyeshe au niifiche. Alipotoka kwenye njia ya wachezaji nilizomea pamoja na wengine. Nilizomea kwa nguvu, na sauti ikanikauka kabla mchezo haujaanza, kwa sababu nilimpenda na nilimwona amevaa rangi ya mahasimu. Tulifungwa 38 kwa 26.

Usiniambie kwamba sina shukrani. Mtu asiyekuwa na shukrani hanunui jezi ile, na asingehangaika kumzomea mtu. Angebaki nyumbani. Novemba 2015, jina na namba yake vilipozinduliwa pale uwanjani katika mchezo wa sikukuu ya Shukrani, na Bart Starr, kwotabeki wetu wa zamani, akaletwa akiwa mgonjwa kusimama naye, nilimpigia makofi mbele ya televisheni hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Rodgers alikuwa kwotabeki wetu usiku ule ule.

Fundi wa Keko

Marahaba, kijana wangu Zambarau. Nimeifikiria hoja yako ya meza nyingi na nakubali kwamba ina uzito, lakini haijanihamisha. Fundi wangu naye alifikia siku ya kuweka msumeno chini. Macho yalianza kumsaliti, akawa hauoni tena mstari wa penseli kwenye mkongo mweusi, na karakana ile ilikuwa na mlango mmoja na mteja mmoja mkubwa wa kuagiza madawati ya shule. Aliniita, akanipeleka kwa mteja yule, akasema mbele yake kwamba kazi sasa iko kwa kijana huyu. Hakulia. Nililia mimi. Nisingekuwa nasema haya kama sikuyaona kwa macho yangu.

Kuhusu Majkowski, umenishinda. Sijui kwa nini hakuna anayemlilia, na sasa namlilia.

Dada wa Columbus

Mzee wangu, umenitoa machozi kazini. Ila bado hujaniambia: huyo fundi wako angefanya vilevile kama macho yake yangekuwa bado mazima, kama Favre alivyokuwa mwaka 2009? Kuachia kitu ambacho mwili umeshakunyang'anya ni rahisi zaidi kuliko kuachia unachokiweza.

Zambarau (Minneapolis)

Hilo ndilo nililolitafuta tangu mwanzo na nikashindwa kulisema. Asante, dada. Mwenye macho mazima haachii, na simlaumu. Mimi nililipa gharama ya hilo: Januari 2010 kule New Orleans, alama zikiwa sawa na muda unakwisha, Favre alirusha mpira kwenda katikati ya uwanja badala ya kukimbia hatua chache, Tracy Porter wa New Orleans akaunasa, na katika muda wa nyongeza tukafungwa 31 kwa 28. Bado ningempa mpira tena.

Mwalimu wa Hesabu

Naona tumefika New Orleans na Keko, na swali la mkataba halijaguswa na yeyote. Taji la Super Bowl la Februari 2011, Green Bay 31, Pittsburgh 25, Rodgers mchezaji bora wa mchezo, lilitokana na uamuzi wa kiangazi cha 2008. Basi naliuliza kwa namna nyingine, na ninaomba Zambarau na Fundi wanijibu kabla ya kurudi kwa Favre: kama mngekuwa kwenye kiti cha Thompson mwezi Julai 2008, mkampokea Favre, na mkafika mwisho wa msimu kijana wenu akiwa hajaanza hata mchezo mmoja huku mwaka mmoja tu ukiwa umebaki kwenye mkataba wake, mngemwekea kiasi gani mezani?