Naomba ushauri: kubeba chanjo kwa bodaboda kutoka Moshi mjini hadi Kahe wakati wa joto

Muuguzi wa Tambarare:
Habari zenu. Ninahudumu katika zahanati upande wa Kahe, nasi huchukua chanjo za watoto Moshi mjini na kuzibeba kwa bodaboda ndani ya kibebeo chenye paketi nne za barafu. Mwezi wa pili, jua linapokuwa kali, wenzangu husisitiza kwamba paketi ziingizwe moja kwa moja kutoka kwenye friza, ilhali mratibu alituelekeza tusubiri kwanza. Ninajua chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, lakini kwa joto la huku sioni ubaridi ukizidi kidogo utadhuru nini. Nimfuate nani?

Dereva Mstaafu:
Pole na kazi. Ondokeni alfajiri, kibebeo kikae mbali na ekzosi, wala msikifungue njiani kwa kutaka kuhakikisha. Kuhusu barafu, mimi ningeweka iliyoganda kama jiwe.

Mtunza Bohari:
Shikamoo mzee. Ya alfajiri naunga mkono, ila kwenye barafu naomba nitofautiane nawe. Pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja), homa ya ini B, nimonia, HPV (ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi) na pepopunda huharibika zikiganda, na kuyeyuka hakuzirudishii nguvu. Paketi inayotoka kwenye friza huwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo kichupa kinachoigusa kinaweza kuganda hata kama dereva anatiririka jasho. Ziacheni mezani mpaka mkizitikisa msikie maji yakicheza ndani. Muda hutegemea joto la chumba, hivyo sikilizeni paketi, msitazame saa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kiashiria cha mraba kwenye kichupa hubadilika rangi kwa joto tu. Chanjo iliyoganda hubaki na mraba mweupe, na mtoto anaweza kuchomwa sindano isiyompa kinga wakati kila kitu kinaonekana sawa. Mkishuku, gandisheni kabisa kichupa kimoja cha chanjo hiyohiyo, cha mtengenezaji na toleo lilelile, kiyeyuke, kisha kitikiseni pamoja na kile mnachokishuku na kuviacha vitulie. Kama kinachoshukiwa kinatuama kwa kasi ileile au zaidi, kisitumike.

Muuguzi wa Tambarare:
Nashukuru sana. Je, surua-rubela na BCG (ya kifua kikuu), ambazo tunazibeba humohumo?

Mtunza Bohari:
Hizo zikiwa bado unga hustahimili kuganda; adui yao ni joto na mwanga. Hata hivyo kiyeyusho chake, yaani kimiminika cha kuchanganyia unga huo, kisigandishwe, kwani chupa hupasuka, na kipozwe kabla ya kuchanganywa. Zikishachanganywa, zitupwe baada ya saa 6 au kliniki inapoisha, lolote litakalotangulia. Kwa kuwa kibebeo ni kimoja, pangeni kwa kuzifuata zile zinazoogopa kuganda.

Dereva Mstaafu:
Marahaba, nimekuelewa. Lakini wakiondoka alfajiri, nani atakuwa ameamka kuzitoa paketi hizo kwenye friza?

Mtunza Bohari:
Hapo umenena, kwa maana haraka ya asubuhi ndiyo huwafanya watu wazibebe zikiwa bado zimeganda. Kwa safari fupi kama ya Kahe, paketi za maji zilizolazwa ndani ya jokofu, si friza, zinaweza kutosha. Hazidumishi ubaridi kwa muda mrefu kama barafu, lakini haziwezi kugandisha chanjo. Wekeni kipimajoto ndani, na mkifika someni kabla ya kuhamishia vichupa kwenye jokofu la zahanati.