Kupima mteremko wa mawe Mwanza: droni, totali stesheni au laida?

Mpimaji wa Igogo
Ndugu wanajukwaa, nina kazi ya kuchora ramani ya kontua (mistari ya kimo sawa) ya mteremko hapa Igogo, ambako nyumba zimebanana katikati ya majabali hadi karibu na ziwa. Mteremko kama huu niliwahi kuupima kwa totali stesheni (mashine inayopima pembe na umbali kwa mwale), na kijana wangu wa kushika prizimu (kioo kinachorudisha mwale huo) alikuwa akipotea nyuma ya jabali kila baada ya hatua chache, hata tukahamisha mashine mara 11 kwa siku mbili. Je, picha za droni zinatosha, au nitafute laida, yaani kifaa kinachopima kwa miale ya leza?

Fundi Ramani
Picha zinatosha. Fotogrametria, yaani kupima kwa picha, hupata kimo kwa kuiona nukta ileile kutoka pembe tofauti, kwa hiyo picha zipishane asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavuni, na droni ipande pamoja na mteremko, kwa sababu ukibaki kwenye kimo ulichoanzia chini, picha za kule juu zitapishana kidogo kuliko ulivyopanga. Kamera yenye lenzi ya milimita 8.8 na pikseli za maikromita 2.4, ikiwa mita 100 juu ya ardhi, hukupa takribani sentimita 2.7 kwa pikseli.

Dada Bikoni
Naomba nimpinge kaka yangu kwa heshima, kwani pikseli ndogo si usahihi. Kule Kirumba tuliweka alama za ardhini (nukta ambazo mahali pake pamepimwa kwa usahihi) pembezoni tu, na picha zote tukazipiga kamera ikitazama chini moja kwa moja. Ramani ilipendeza sana kwenye kioo cha kompyuta, lakini tulipohakiki kwa totali stesheni, katikati palikuwa pameinuka kama mgongo wa kobe. Tulirudi, tukachora misalaba ya rangi nyeupe juu ya majabali ya katikati, tukaongeza picha za kamera iliyoinamishwa, na uvimbe ule ukaisha. Jabali ni bikoni (alama ya upimaji) nzuri mno, maana halihami.

Mzee wa Kontua
Laida ina faida penye miti, kwa sababu miale yake hupenya kati ya majani, ilhali picha huishia juu ya mwembe. Kwenye mawe yaliyo wazi sioni sababu ya gharama hiyo. Majini picha hazifai, kwa kuwa mawimbi hubadilika kati ya picha moja na nyingine. Ukingo wa ziwa upime kwa GPS ya RTK (ile inayosahihishwa papo hapo) na uandike tarehe, kwani ziwa hupanda na kushuka. Kibali cha droni cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kitafute mapema.

Mpimaji wa Igogo
Nashukuru sana, mzee wangu, nanyi nyote. Nitarusha droni na kuweka alama tisa, tatu kati yake zikiwa katikati. Swali limebaki moja: chini ya majabali yaliyoinamia nyumba, ambako droni haioni?

Dada Bikoni
Hapo kaka, rudi kwenye totali stesheni isiyohitaji prizimu, na vipimo vyake uviunganishe na alama zilezile za droni.