Mada: Vifuniko vya nepi vya sufu (kimoja nimeshakiharibu)

Kutoka: Mama Kichanga, Reading

Assalaam alaykum na habari za jioni wote,

Natafuta aliyewahi kutumia vifuniko vya nepi vya sufu. Mwanangu ana miezi minne. Tulianza na pampasi, akawa anatoka vipele kila wiki, nikahamia nepi za kitambaa na zile chupi za nailoni za kuvisha juu. Mchana tunakwenda. Usiku ndiyo kasheshe: naamka saa tisa, nailoni inatiririka maji ndani, mtoto mapaja yote jasho. Jirani yangu Mwingereza akanipa kifuniko cha sufu alichomvisha mwanawe, cheupe, laini, akanisisitiza nisikifue kila siku. Nikaitikia tu kwa adabu. Kitu kimekojolewa, nisikifue? Nikakitia kwenye mashine pamoja na nepi, nyuzijoto 60, sabuni ya unga. Kimetoka kigumu kama kipande cha zulia, na sasa labda kimtoshe mwanasesere.

Kabla sijatoa pesa kununua kingine: mnachagua vipi na mnavitunza vipi? Mama mkwe yuko nasi kutoka Tanga, yeye kashatoa hukumu: sufi ni ya kujazia mito, si ya kumvisha mtoto.

---

Kutoka: Shangazi wa Glasgow

> sufi ni ya kujazia mito

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, na umwambie hajakosea: sufi ni ya msufi, ya mito na magodoro. Hii ni sufu, ya kondoo. Nami ilinichukua muda kuacha kuzichanganya.

Pole kwa kifuniko, mwanangu. Kosa lako ni letu wote. Tumelelewa kwamba nguo ya mtoto inafikichwa, inachemshwa, inakamuliwa mpaka tone la mwisho, inaanikwa juani hadi ikakamae. Pamba inavumilia hayo. Sufu haivumilii hata moja. Kila unywele wa sufu una magamba madogo, na ukiyapa maji moto, sabuni na msukosuko, yananasana yasiachane tena. Kilichosinyaa hakirudi, usijisumbue kukivuta.

Jirani yako alikwambia kweli. Sufu inaweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake na ukiigusa usihisi maji. Unyevu huo unatoka polepole kwa nje na kuyeyukia hewani, ndiyo maana mtoto hatoki jasho kama ndani ya nailoni. Juu yake kuna lanolini, yale mafuta ya kondoo, yanayozuia maji kupenya na kupunguza harufu ya mkojo. Ukivua asubuhi, kitundike mahali penye hewa. Kikikauka, kinuse. Hakinuki? Kivishe tena. Mimi nilikuwa nafua baada ya wiki mbili au tatu, ila choo kikigusa, nafua siku hiyo hiyo, hakuna mjadala.

Elewa kitu kimoja: kifuniko hakinywi mkojo badala ya nepi. Ndani lazima kuwe na kitambaa cha maana, hasa usiku. Ukiweka nepi moja nyembamba halafu ukalaumu sufu, utakuwa unaionea.

Kufua: beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya sufu au shampuu kidogo ya mtoto. Kigeuze ndani nje. Bonyeza, achia, bonyeza, achia. Usifikiche. Maji ya kusuuzia yawe na joto lile lile la maji ya kufulia, maana kutoka vuguvugu kwenda baridi ya bomba la Glasgow ni balaa nyingine. Kisha kiviringishe ndani ya taulo, likanyage taulo, na ukilaze kikauke bapa. Usikilaze juu ya hita. Jiki usiisogeze karibu kabisa, na sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula madoa pia zinaila sufu, kwa sababu sufu ni protini kama nywele zako.

---

Kutoka: Baba Mapacha, Bremen

Shikamoo Shangazi. Naongeza upande wa kuchagua, maana hapa Ujerumani sufu ya watoto ni mambo ya kawaida na nimevisha wawili kwa mpigo.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kuvuta kama kaptula, imefumwa nene, mara nyingi tabaka mbili, haina vifungo. Inavutika na mtoto anaivaa kwa miezi mingi. Ya pili ina vishikizo au velkro, inafunguka yote, na ni nafuu kwa kichanga asiyetulia. Za usiku mimi nachukua za kuvuta. Zipo pia suruali ndefu za sufu, kifuniko na suruali kwa pamoja, raha sana majira ya baridi.

Soma lebo. Sufu asilimia 100, merino (sufu ya nyuzi nyembamba) ikiwezekana kwa sababu haiwashi. Ikichanganywa akriliki, yaani nyuzi za plastiki, achana nayo. Ikiandikwa kwamba inafuliwa kwa mashine bila shida, jua magamba yake yamekwishaondolewa au kufunikwa kiwandani: haisinyai, lakini kwa uzoefu wangu lanolini haiishiki vizuri. Sehemu ya mapaja ikumbatie bila kubana.

Siku hizi nashona mwenyewe kutoka kwenye masweta ya mitumba. Unanunua sweta la sufu, unalisinyaza kwa makusudi kwa nyuzijoto 60 kama alivyofanya dada wa Reading, linakuwa zito na halifumuki ukikata. Dada, usitupe kile chako! Kama lebo imechanika, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti juu ya sinki: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, plastiki inayeyuka na kuganda kitone kigumu.

Shangazi tutatofautiana hapo kwenye mashine. Ya kwetu ina programu ya sufu, maji baridi, inazunguka taratibu. Zile ambazo lebo inaruhusu nazitia humo na mpaka leo hakuna iliyokufa.

---

Kutoka: Shangazi wa Glasgow

Baba Mapacha, marahaba. Mashine yako naiamini. Zangu siziamini.

---

Kutoka: Mama Kichanga, Reading

Ahsanteni mno. Nimenunua viwili vya mtumba, havivuji sana lakini vinavuja. Nimesoma kwamba natakiwa kuvirudishia lanolini. Nikachukua ile ya kupaka chuchu wakati wa kunyonyesha (ni lanolini tupu, nimesoma boksi), nikaikorogea kwenye beseni la vuguvugu. Ikaelea madonge madonge na kifuniko sasa kina mabaka ya mafuta. Nakosea wapi?

---

Kutoka: Shangazi wa Glasgow

Umekosea mahali pawili, na hapo pa pili si kosa lako.

Kwanza, lanolini inayeyuka karibu nyuzijoto 40. Kwenye vuguvugu inabaki mgando. Ianzie kwenye kikombe: maji yaliyochemka, nusu kijiko cha chai cha lanolini kwa kifuniko kimoja, na matone machache ya shampuu ya mtoto ili mafuta na maji vipatane. Koroga mpaka iwe nyeupe kama tui la pili. Ukiona vijicho vya mafuta vinaelea juu, ongeza tone la shampuu ukoroge tena. Likishakuwa tui, mimina kwenye beseni la vuguvugu, ndipo uzamishe kifuniko kikiwa kimelowa tayari na kimegeuzwa ndani nje. Kilale humo usiku kucha. Kikiwa kipya, rudia mara mbili au tatu kabla hujakitegemea.

Pili, maji yenu. Mimi hapa nakunywa ya Loch Katrine, ziwa la huku Scotland, laini, sabuni inatoa povu bila kuombwa. Reading na London maji yana chokaa, liangalie birika lako kwa ndani. Chokaa inakamatana na sabuni na tui lako linakatika. Chemsha maji, yaache yatulie, tumia ya juu.

Hayo mabaka yatatoka ukikizamisha upya kwenye tui zuri.

---

Kutoka: Mama wa Leicester (wa Mombasa)

Hakuna aliyeuliza la swala kwa hiyo naliuliza na kulijibu mwenyewe, mimi si sheikh. Kukauka si kutoharika. Kifuniko kilichokojolewa kikatundikwa na kuacha kunuka bado kina najisi. Mimi wakati wa swala namlaza mtoto pembeni, nanawa, navaa kanga niliyoitenga. Tuliofundishwa Kishafi tunajua mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili na hajala ila maziwa, mkojo wake unanyunyiziwa maji tu, wa kike unaoshwa. Wangu ni msichana, basi naosha. Kwa zaidi muulizeni imamu wenu.

La pili: kama kinavuja pembeni, chungulia kabla ya kulaumu lanolini. Mara tisa kati ya kumi ni ncha ya nepi iliyochungulia nje, au fulana ya pamba iliyofungwa chini na kushindiliwa ndani ya kifuniko. Pamba inafyonza mkojo na kuupandisha hadi mgongoni. Kwenye kiti cha gari nako, mikanda ikibana sana sufu inakamuliwa kama sponji.

La tatu, nondo. Mie niliweka karafuu kwenye sanduku kama alivyofanya bibi, nondo wakazipenda. Harufu huenda inawafukuza wakubwa, mayai hayasikii karafuu. Fua kwanza, tia kwenye mfuko, funga, weka kwenye friza wiki mbili, ndipo uhifadhi.

Na mkipeleka mtoto kwa walezi, wapeni nailoni. Mimi niliwaachia sufu na maelezo nimeandika kwa kalamu nyekundu, wakaitia kwenye mashine ya kukaushia.

---

Kutoka: Mama Kichanga, Reading

Mrejesho. Tui limekubali kwa maji yaliyochemshwa. Usiku wa tatu leo: nepi mbili ndani, sufu juu, kalala muda wa saa kumi, mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila... samahani, kaamka kunyonya mara mbili, lakini shuka kavu! Kifuniko kwa nje kina ubaridi kidogo ukikigusa. Nadhani ndiyo huo unyevu unaotoka?

Mama mkwe amekishika, akakinusa, akauliza kondoo mwenyewe yuko hai. Nikamwambia huwa wananyolewa tu. Akasema basi nimtafutie sufu ya kufumia, maana mkeka anasuka, hii haitamshinda.

---

Kutoka: Shangazi wa Glasgow

Ubaridi wa nje ndio wenyewe. Ukianza kuwa majimaji, tui limekwisha, rudia.

Nina suruali mbili za sufu za miezi sita hadi tisa, nimezifuma mimi, goti moja lina kiraka. Nitampa Mama wa Leicester akija huku mwezi ujao, akuletee. Mama mkwe nampelekea mabonge matatu ya uzi na sindano namba nne.